Upanga Umerudi, Simu Bado Iko Mbinguni

Ehee, jamani, sogeeni. Vuteni viti, mwambieni Mmalabari wa chai alete karaki nyengine, maana leo nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mnamjua mtoto wa dada yangu. Yule mrefu, anayekaa Mawaleh, aliyenunua simu yenye macho matatu mgongoni kama zimwi la hadithi. Basi siku moja baada ya Isha kaja hapa hapa kijiweni Al Khuwair, Maskati, kaiweka simu juu ya meza katikati ya vikombe, kasema: "Wazee wangu, tazameni. Matrah." Tukatazama. Dakika nne na nusu. Lahaula! Simu imeanzia kwenye jahazi, ikarukia ngomeni, ikashuka kwa paka, ikapanda nguzo ya taa, ikakivuta kile chetezo kikubwa cha Riyam mpaka kikavurugika kuwa nukta nukta, ikarudi kwa paka. Paka keshaondoka. Na upepo ndani yake, fuuuu, kama mtu anapuliza jiko la makaa. Kuna mzee mmoja hapa, kasafiri na jahazi utotoni wala hakutapika, usiku ule alishika tumbo akaomba ndimu.

Video ikaisha. Na sisi tukasema nini? "Mashallah! Tabarakallah! Umeua!" Sote, hata yule wa ndimu, keshajikausha, anatikisa kichwa kama kaona maajabu ya dunia.

Nikafyonya, lakini kimoyomoyo. Mtoto wa dada, utamwambia nini?

Mmoja tu ndiye hakusema mashallah, yule tunayemwita Fundi, aliyekaa Ruwi miaka chungu nzima akitengeneza redio za watu. Kamaliza karaki yake taratibu, kafuta masharubu, kauliza: "Mwanangu, ulipokuwa unarikodi, ulikuwa umepanda ngamia?"

"Hapana, ami."

"Basi ngamia alikuwa wewe."

Kijiwe kikaanguka kicheko. Mtoto akanuna. Lakini ngojeni, msimcheke peke yake. Nani kati yetu hana dhambi hii? Fungueni simu zenu. Statasi za WhatsApp, kuanzia Seeb mpaka Wadi Kabir, ni ngamia watupu. Mtu kaenda Salalah msimu wa kharifu, kasafiri zaidi ya kilomita 1,000, karudi na video ya kioo cha gari na vidole vyake. Mtu karikodi mwanawe akihifadhishwa juzuu, mtoto hasikiki, anasikika mama mtu akisema "nyamazeni, anasoma!" Na watu arubaini wamempelekea mioyo na mikono ya dua. Arubaini! Na hakuna hata mmoja aliyemwambia yule bwana, ndugu yangu, hebu safisha kioo cha kamera, kina mafuta ya mishikaki.

Maana siku hizi mtu akishaisema mashallah kaona kamaliza kazi. Tunaiogopa husuda kuliko tunavyouogopa ubovu.

Zamani jamani... najua, mkinisikia nasema "zamani" mnaangalia saa. Lakini hebu. Unguja, mwenye kutaka picha alikwenda studio. Ile Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930, na picha ya studio ilikuwa pesa. Filamu pesa, karatasi pesa, dawa pesa. Kwa hivyo mpiga picha alikuwa hana budi kufikiri kabla ya kubonyeza. Kakugeuza kidevu, kakurekebisha kofia, kalifunua pazia mwanga uje ubavuni, ndiyo kachukua. Leo simu inameza video elfu, basi mtu hafikiri hata mara moja. Anabonyeza kama anayepiga mbu.

Na sisi Waunguja wa Maskati tuna majivuno yetu, hasa hapa kijiweni. Utamsikia mtu: "Sisi tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini! Bara wamesubiri mpaka 1994!" Kweli kabisa. Na Majestic ya Vuga tulikaa, filamu za Kihindi tumelia nazo. Haya, tumeona rangi mapema. Mbona tulipopewa kamera tukaenda kurikodi feni?

Feni, ndiyo. Hili lazima nilieleze vizuri maana linaniuma. Miaka ya themanini, mnakumbuka, kanda za harusi zilikuwa zinaletwa kwa mkono. Abiria anatoka Unguja, ndani ya mkoba ana mkanda wa VHS umefungwa kwenye kanga, unanukia karafuu hata mkanda wenyewe. Tunakusanyika nyumba nzima. Mama yangu, Mungu amuweke, alikuwa hajamuona dada yake tangu tulipoondoka Unguja, na dada mtu ndiye aliyekuwa mama wa bwana harusi. Mama kavaa nguo nzuri, wallahi, kavaa nguo nzuri kutazama televisheni.

Mkanda ukaanza. Mpiga video kaingia ukumbini, kaona feni la dari, kalipenda. Kalizunguka nalo. Kashuka kwenye sinia ya pilau, kakaa hapo, mchele mmoja mmoja. Kapanda ukutani kwenye saa. Kapita safu ya wanawake mbio mbio kama anafukuzwa na mbwa, nyuso zote mstari mmoja wa rangi, kisha huyo, karudi kwa feni. Mkanda wa saa mbili! Mama alimuona dada yake, au alidhani kamuona, kwa kiasi cha kufumba na kufumbua. Tukarudisha nyuma. Tukarudisha tena. Tukausimamisha, picha ikatetemeka, ikajaa michirizi. Mama akasema: "Nimengoja miaka yote hii, mmenionyesha feni."

Na yule mpiga video alilipwa, na nina hakika aliambiwa mashallah.

Haya, na mimi nisijitoe. Harusi ya mtoto wa ndugu yangu, si miaka mingi iliyopita, nilijitolea kurikodi wanaume. (Kwa wanawake haikuwa shughuli yetu, kule simu zilikusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye mifuko yenye namba, na walifanya vizuri.) Nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikarikodi zafa, nikabonyeza tena kusimamisha. Kumbe mara ya kwanza sikubonyeza sawasawa. Nilipodhani narikodi, nilikuwa sirikodi. Nilipodhani nimesimamisha, ndiyo narikodi. Matokeo yake familia ina dakika 38 za makubadhi yangu yakitembea kwenye zulia, na sauti yangu ikiuliza nyama ya shuwa imebaki wapi. Nao hawajanifutia. Kila Idi wananiwekea kwenye televisheni.

Kwa hivyo Fundi alipomwambia yule mtoto "kesho uje, tukufundishe", mimi nikakaa kimya. Nikajua na mimi nafundishwa.

Fundi hana kamera wala hana cheti. Ana macho na ana subira, na ana tabia ya kuuliza "kwa nini" mpaka uchoke. Kamwambia mtoto: wiki hii utaniletea vipande kumi. Kila kipande sekunde kumi. Simu haitembei, haivuti, haigeuki. Viwiko vibane mbavuni, miguu panua kama unayeinua gunia, pumzi iache itoke polepole. Ukitaka kukisogelea kitu, una miguu, nenda. Usivute kwa vidole. Ukivuta kwa vidole simu inaikata picha na kuinyosha kama chapati.

Mtoto kashituka. "Sekunde kumi bila kutembea, ami? Itachosha watu."

Hapo Fundi akamtolea Wafaransa. Ndugu Lumière, Paris, tarehe 28 Desemba 1895, waliwaonyesha watu filamu 10, kila moja haifiki dakika. Kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu, haitikisiki. Wafanyakazi wanatoka kiwandani. Mtoto mchanga analishwa. Basi. Na watu walilipa, na mpaka leo zinatazamwa. "Wao waliacha kitu ndicho kitembee mbele ya kamera," akasema. "Wewe unaitembeza kamera mbele ya vitu vilivyolala."

Nikamuona mtoto kanyamaza. Limemwingia.

Basi ndugu zangu, mafunzo yakaanza, na vioja navyo. Wiki ya kwanza kaleta vipande kumi, vitatu ni ukungu mtupu. Kama maziwa. Kashuka garini pale Qurum, mwezi wa Julai, kutoka kwenye kiyoyozi cha baridi ya friji, kaitoa simu kwenye ule mvuke wa Maskati ambao miwani yenyewe inalia, kabonyeza papo hapo. Jamani, nyote mnavaa miwani! Nyote mnajua! Ukifungua mlango wa gari kiangazi unakuwa kipofu. Sasa kioo cha simu nacho si miwani? Kingoje kipate joto, kifute, ndiyo urikodi. Lakini hata mimi nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo, nilikuwa nadhani simu imeharibika.

Wiki ya pili, nyuso nyeusi. Karikodi wazee wanatoka msikitini. Kanzu nyeupe, ukuta mweupe, marumaru nyeupe, jua la saa sita juu. Mji wetu huu ni mweupe kama yai la kuchemsha. Simu ikaona weupe umezidi, ikapunguza mwanga, na wazee wetu wakatoka hawana macho wala pua, vilemba vinatembea vyenyewe. Fundi kamwonyesha: weka kidole juu ya uso wa mtu, shikilia mpaka simu ijifunge hapo. Tena kwa nini saa sita? Njoo saa kumi na moja jioni, jua likilala, kila mtu anakuwa mzuri hata mimi.

Wiki ya tatu, lahaula, kisa cha magharibi. Mtoto kaambiwa habari za jua la jioni, basi kaenda Matrah kungoja jua lizame baharini. Kakaa. Kangoja. Jua likaingia nyuma ya majabali, mgongoni kwake, yeye kaelekeza simu baharini mpaka giza. Nilicheka, lakini kosa ni letu. Ni sisi tunaomhadithia kila siku Forodhani, jua linavyozama ndani ya maji mbele ya Jumba la Ajabu. Kadhani bahari zote ni za Unguja. Matrah, mwanangu, bahari utaitafuta alfajiri.

Halafu kuna lile la taa. Kaleta kipande cha dukani, ndani ya souk, taa zinapepesa kama zinamkonyeza mtu. Sisi tukasema simu mbovu. Mmoja akasema jini. Fundi, ambaye hapo ndipo nilipomvulia kofia, akasema umeme wa hapa unakwenda mara 50 kwa sekunde, kama wa Unguja, na simu hii imepangwa kuchukua picha 30 kwa sekunde, kwa hivyo haviendi mguu mmoja. Akamwingiza kwenye mipangilio, akamwekea picha 25. Taa zikatulia tuli. Yule wa jini akaagiza karaki, akabadilisha mazungumzo.

Lakini nataka niwaambie kuhusu wakosoaji, maana hao ndio kioja kikubwa kuliko mwanafunzi. Habari zilipoenea kwamba kijiwe kinakosoa video, watu wakaja kama nzi kwenye tende. Kuna aliyesema "haijanoga", basi, kanywa chai kaenda zake. Haijanoga wapi? Ni video hii au ni samaki? Kuna aliyesema ungeweka kaswida chini yake, na huyo husema hivyo kwa kila kitu, hata kwa video ya bomba lililopasuka. Kuna aliyekosoa paka. Na kuna yule mwenye kusifu, "mashallah, mashallah", kabla video haijafunguka.

Fundi akaweka sharti: hapa hakuna mashallah mpaka kwanza umetaja kosa moja, na kosa lenyewe liwe la kurekebishika kesho. "Mkono ulitikisika sekunde ya sita" ni kosa. "Hujui" si kosa, ni tusi. Na aliyerikodi anyamaze mpaka mwisho, asitueleze alichokusudia, maana mtazamaji hapewi mpiga video wa kukaa naye sebuleni amfasirie. Hilo la kunyamaza lilimshinda mtoto wiki mbili nzima. "Ami, pale kulikuwa na mtu ananisukuma..." Nyamaza!

Mambo mengine wala hatukumwachia ajifunze kwa kukosea. Siku moja kaleta kipande cha ufukweni, nyuma kuna familia ya watu wamekaa kwenye mkeka wao, mama anamlisha mwanawe. Fundi akaifunika simu kwa kiganja. Sheria ya Oman ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011 inamtambua mtu anayeingilia faragha ya watu kwa kamera ya simu: jela hadi miaka 3 na faini hadi rial 5,000. Na hata ingekuwa haipo, mama yule ni mama wa mtu. Futa. Kafuta mbele yetu.

Sasa, jambo la upanga. Harusini kwetu razha inapigwa, mnaijua, wanaume safu mbili, ngoma zinakwenda, na kijana mmoja anaurusha upanga juu, unazunguka, unametameta, kisha anaudaka kwa mpini. Kila mwenye simu anafanya upuuzi ule ule. Upanga unapanda, na simu nayo inaufuata mbinguni. Upanga umerudi, kijana kadaka, watu wamepiga kelele, na simu bado iko mbinguni inautafuta! Sina hesabu ya video za mbingu nilizonazo. Mtoto naye kaleta mbingu, tena nzuri, ya buluu, haina upanga.

Fundi akachukua bomba la kunywea juisi, akalirusha juu akalidaka. "Umeona mkono wangu umelirusha. Umeona umelidaka. Ulihitaji kulifuata kwa shingo?" Kisha kamwambia: rudi nyuma hatua sita. Acha nafasi kubwa juu ya kichwa cha kijana, hata kama inakuuma, hata kama unaiona tupu. Nafasi ile ni ya upanga. Shika simu, tulia. Upanga uondoke na urudi ndani ya picha yako, wewe usiende nao.

Harusi iliyofuata, Barka, mtoto akaleta sekunde 14. Kijana wa razha yuko chini ya picha, kwa pembeni kidogo, juu yake anga tupu. Unadhani kakosea. Mara mkono unashuka, bega linafunguka, upanga unapanda ndani ya ule utupu, unageuka mara mbili, unashika jua, unaanza kuanguka, na kijana hata hautazami, anatazama mbele, kanyoosha mkono tu. Tap. Kijiwe kizima kilitoa pumzi. Yule wa kaswida hakusema neno.

Nikataka kusema mashallah, Fundi akanitolea macho. Kosa kwanza. Tukatafuta. Tukakuta: simu imesimama wima, na mtoto mwenyewe ndiye aliyesema ataiweka kwenye televisheni ya bibi yake. Hapo ndipo tulipomcheka. Maana kama ni ya statasi, wima sawa. Lakini bibi yake, ambaye ndiye mama yangu, yule wa feni, sasa keshapita miaka themanini na haoni kitu kwenye simu. Alipowekewa mara ya kwanza video ya wima alituuliza kwa nini televisheni imefungwa mapazia.

Wiki iliyopita kaenda kurikodi mpika halua. Safari hii simu kailaza. Kaomba ruhusa kwanza, kamwamkia mzee wa watu, kanywa kahawa, simu mfukoni. Kisha akachukua kwa zamu. Mikono kwanza: vidole viwili vimevimba kwenye maungio, vimekamata mpini mrefu wa mwiko, na pale mikono inaposhika, mti umelika ukawa na kiuno. Halafu uso, jasho linashuka kwenye ndevu. Halafu kasimama nyuma ya bega la mzee, unaona sufuria la shaba kama anavyoliona yeye, samli inaogelea pembeni, zafarani imeingia. Halafu kaenda mbali, jiko lote, mzee mdogo, moshi mwingi. Sauti kairikodi karibu, hakuna upepo: plop, plop, inavyochemka. Saa mbili mzee anakoroga asiache, isishike chini, na mtoto kaziweka katika dakika moja na nusu.

Tulikwenda sote nyumbani kwa mama Ijumaa, na Fundi naye. Mtoto kaiunga simu na televisheni. Mama katulia kwenye kiti chake, bakora mapajani. Katazama mpaka mwisho, kanyamaza. Kaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Leo sikuona feni," akasema.

Mtoto akatabasamu mpaka masikioni. Mimi, sikufichini, koo lilinibana.

"Ila," mama akasema, na bakora ikanyooka kwenye kioo, "huyu mzee kapika, kakoroga, katoka jasho. Iliivaje? Sijaona mtu ameinyanyua kwa mwiko ikavutika. Sijaona mtu ameonja. Nitajuaje kama ni halua au gundi?"

Tukamgeukia Fundi. Fundi kavua miwani, kaifuta, kavaa. Hajasema mashallah. Kamgeukia mtoto:

"Anapika tena lini?"

"Jumatatu, ami."

"Betri uijaze Jumapili usiku."